UZI: Mwana wa Freetown na kijana wa Guyana mikononi mwa Wajerumani, 1943 hadi 1945

Kitabu Wazi (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam.

Tunapozungumzia Waafrika katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia, mazungumzo yetu huelekea moja kwa moja kwa babu zetu wa KAR, jeshi la Waafrika la Uingereza katika Afrika Mashariki, waliopelekwa Burma, na ni haki yao kutajwa kwanza. Uzi huu nauandika kwa ajili ya watu wachache mno ambao huku kwetu hawatajwi kabisa: watu weusi waliopanda ndege za mabomu za Jeshi la Anga la Uingereza, wakatunguliwa usiku juu ya ardhi iliyokuwa mikononi mwa Hitler, na wakaimaliza vita wakiwa nyuma ya seng'enge.

Nitawaeleza wawili. Wa kwanza ni Johnny Smythe, Mkrio (mtu wa kizazi cha watumwa walioachwa huru) wa Freetown nchini Sierra Leone, aliyezaliwa mwaka 1915. Wa pili ni Cy Grant, aliyezaliwa mwaka 1919 katika kijiji cha Beterverwagting, Guyana ya Uingereza, mtoto wa mchungaji wa kanisa la Moravian, mwenye damu ya Kiafrika, ya Kihindi na ya Kizungu. Wote wawili walikuwa waongozanjia wa ndege, yaani wale wanaokaa mezani na ramani, rula na saa, wakimwambia rubani ashike uelekeo gani na kwa dakika ngapi. Wote wawili walikuwa maofisa. Wote wawili walitunguliwa mwaka 1943, na wote wawili walirudi wakiwa hai.

Swali ninalotaka tulijadili ni hili: ilikuwaje wakarudi? Serikali iliyowakamata ilihubiri kwamba mtu mweusi ni kiumbe duni, na ndiyo iliyokuwa inaunguzwa na mabomu yao kila usiku. Kwa hesabu ya kawaida, Mwafrika aliyedondoka kutoka ndege ya mabomu mbele ya askari wa Kinazi hakupaswa kuona asubuhi. Nimesoma mengi juu ya jambo hili na nimefikia jibu ambalo halina hata chembe ya huruma ndani yake, lakini kabla ya kulitoa ni lazima tuzielewe zile safari zenyewe.

Kabla ya vita, ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza alitakiwa kuwa mtu wa asili ya Ulaya tupu. Sharti hilo liliondolewa Oktoba 1939, na hakuna anayeamini kwamba liliondolewa kwa mapenzi ya usawa. Vita ilikuwa imeanza na watu walihitajika. Kikosi cha ndege za mabomu peke yake kiliwatumia wanajeshi wa angani wapatao 125,000 katika vita nzima, na kati yao 55,573 waliuawa na 9,838 wakachukuliwa mateka. Tazameni uwiano huo kwa makini. Kwa kila mateka mmoja kulikuwa na maiti zaidi ya tano, kwa hiyo aliyefika kambini alikuwa tayari ameponea tundu la sindano.

Sababu ni umbo la kazi yenyewe. Ndege ya Lancaster ilibeba watu saba: rubani, fundi wa ndege, mwongozanjia, mlenga mabomu, mtu wa redio, mpiga bunduki wa mgongoni na mpiga bunduki wa mkiani. Waliokaa mbele walitakiwa kutokea kwenye mlango mdogo wa sakafuni, mwembamba kiasi kwamba mtu mwenye mavazi mazito ya baridi na mwavuli wa kurukia (parachuti) kifuani alipita kwa taabu, tena ndege ikiwa inazunguka na kuwaka moto. Wa mkiani alikuwa na shida zaidi, kwa sababu mwavuli wake haukuingia ndani ya chumba chake cha bunduki. Aliuning'iniza nyuma yake ndani ya mwili wa ndege, na moto ulipowaka ilimbidi afungue milango, aufuate, auvae, kisha ndipo aruke.

Nianze na Grant. Usiku wa tarehe 25 kuamkia 26 Juni 1943, skwadroni yake ya 103 iliondoka uwanja wa Elsham Wolds katika jimbo la Lincolnshire kwenda kupiga Gelsenkirchen, mji wa makaa ya mawe na mafuta katika bonde la Ruhr. Ndege 473 zilitumwa usiku ule na 30 hazikurudi. Ilikuwa safari yake ya tatu tu. Walikwisha kuangusha mabomu na walikuwa wamegeuka kurudi, wakafika juu ya Uholanzi, ndipo ndege ya Kijerumani ya kuwinda usiku ilipowapata. Watu wawili wa ndege ile walikufa. Mabaki yake yaliangukia nyumba ya mkulima karibu na Nieuw-Vennep, kusini magharibi mwa Amsterdam, na yakamuua mke wa mkulima huyo. Grant alitua kwa mwavuli shambani, akajificha katika ngano, na baadaye wakulima wakampokea, lakini polisi wa Kiholanzi akamkabidhi kwa Wajerumani.

Smythe yeye alikuwa mkongwe. Alikuwa amekwisha kufanya safari zaidi ya 25, na zamu ya kikosi kile ilikuwa safari 30, ambazo ukizimaliza unapumzishwa. Usiku wa tarehe 18 Novemba 1943 jeshi liligawanywa mara mbili. Ndege za Lancaster zilikwenda Berlin, na hizo zikapoteza 9 kati ya 440. Ndege nyingine 395 zilitumwa Mannheim na Ludwigshafen ili kuwavuta wawindaji mbali na Berlin, na hizo zikapoteza 23. Smythe wa skwadroni ya 623 alikuwa katika kundi hili la pili, ndani ya ndege aina ya Stirling, ambayo haikuweza kupanda juu kama wenzake na hivyo ilipokea risasi za chini na za juu. Siku chache tu baadaye Waingereza waliacha kabisa kuzituma Stirling kupiga miji ya Ujerumani. Wakuu, huyu bwana alikosa kunusurika kwa siku chache.

Kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa miaka mingi baadaye, ndege za Kijerumani zilitokea ghafla wakiwa kwenye futi 16,000, zikauchana mwili wa ndege yao, moto ukashika, kisha taa za kurunzi zikawanasa. Vipande vya chuma vilipenya tumboni na kinenani. Aliruka akiwa anavuja damu, akatua, akajificha nyuma ya majani makavu katika ghala la mkulima. Askari walipoingia walimimina risasi ovyo, naye akaona ni heri ajitokeze. Alisema kwamba Wajerumani wale waliganda wakimtazama: mtu mweusi, mrefu wa zaidi ya futi sita, amevaa sare ya ofisa wa Jeshi la Anga la Uingereza. Yeye mwenyewe aliamini kuwa mshangao huo ndio uliomwokoa asipigwe risasi palepale.

Nitaendelea. Karibuni kwa maoni.

Mama Shamsa

Ndugu Kitabu Wazi, ahsante kwa maelezo yaliyopangika. Nina swali kabla hujaendelea. Kama mshangao ndio uliomwokoa Smythe, basi jibu la swali lako umekwisha kulitoa na hakuna tena cha kujadili. Lakini mimi sishawishiki. Wajerumani walikuwa wamekwisha kuwaona wanajeshi weusi wengi sana mwaka 1940 nchini Ufaransa, na hawakushangaa hata kidogo, bali waliwaua. Pale Chasselay, karibu na Lyon, Juni 1940, askari wa Kiafrika wa jeshi la Ufaransa waliokwisha kusalimu amri walitengwa na wenzao Wazungu, wakapelekwa uwanjani na kupigwa kwa bunduki za mtutu na za vifaru. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya 1,500 na 3,000 waliuawa kwa namna hiyo katika wiki chache za vita ile. Sasa unielezee, kwa nini Mwafrika wa Chasselay auawe na Mwafrika wa Freetown aokoke?

Kitabu Wazi

Dada Mama Shamsa, umeligusa jambo lenyewe, na nashukuru kwa kuwa umelileta Chasselay mapema.

Mshangao unaweza kumwokoa mtu kwa dakika moja. Hauwezi kumlisha kwa miezi 18. Nionavyo mimi, kilichomwokoa Smythe baada ya dakika ile ni mambo matatu yaliyokutana: sare, cheo, na ukweli kwamba mateka wote wa angani walikuwa mali ya Luftwaffe, jeshi la anga la Ujerumani. Luftwaffe ilikuwa na kambi zake yenyewe, wahoji wake na walinzi wake, na ilijua jambo moja kwa yakini, kwamba maelfu ya warushaji wake wenyewe walikuwa mateka nchini Uingereza na Kanada. Kila Mwingereza aliyepigwa risasi baada ya kusalimu amri angeweza kulipiwa na Mjerumani upande wa pili. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929 ulifanya kazi pale tu ambapo kila upande ulishikilia watu wa mwenzake. Ufaransa ya Juni 1940 ilikuwa inasambaratika, haikuwa na cha kulipizia, na Mwafrika wa Chasselay alikuwa askari wa chini aliyetekwa na wanajeshi wa nchi kavu wakiwa bado na hasira za mapigano.

Hatari kubwa zaidi, basi, ilikuwa katika saa zile kati ya mwavuli na lango la Luftwaffe. Katika saa hizo mateka alikuwa mikononi mwa wanakijiji, polisi, wanachama wa chama cha Nazi au SS, jeshi la chama hicho. Mjini Rüsselsheim, Agosti 1944, Wamarekani wanane waliokuwa wanasafirishwa kama mateka walivamiwa na raia kwa mawe na nyundo, na sita wakafa. Na rangi ilizidisha hatari hiyo. Walter Manning, Mmarekani mweusi, rubani wa ndege za kivita wa lile kundi la marubani weusi la Tuskegee, alitekwa Aprili 1945 karibu na Linz nchini Austria, akatolewa mahabusu na kunyongwa kwenye nguzo. Vita ilikuwa imebakiza mwezi mmoja. Kwa hiyo sisemi kwamba sare ilitosha. Nasema ilitosha kwa yule aliyefanikiwa kufika mahali ambapo sare ilihesabiwa.

Mtunguaji

Wakuu, naomba niwe mtu wa kuharibu sherehe. Tunawazungumzia hawa kama mashujaa, lakini walikuwa wanafanya nini hasa? Kikosi chao kiliiteketeza Hamburg mwishoni mwa Julai 1943, na watu zaidi ya 30,000 walikufa, wengi wao raia, wanawake na watoto waliokosa hewa katika mahandaki. Huyo mke wa mkulima wa Kiholanzi unamtaja kwa sentensi moja kisha unapita. Raia wa Rüsselsheim walikuwa wamepigwa mabomu usiku uliotangulia. Sitetei mauaji ya mateka, lakini naona tunatumia mizani miwili.

Kitabu Wazi

Mkuu Mtunguaji, huharibu kitu. Hoja yako ni ya haki na hata wao wenyewe waliishi nayo. Grant alipozeeka alishirikiana na Mholanzi mmoja ambaye usiku ule wa Juni 1943 alikuwa mtoto wa miaka 11, aliyeiona ndege ile ikianguka na baadaye akatumia miaka mingi kuwatafuta waliokuwemo. Watu wa kijiji kile hawakuzika kumbukumbu ya mama yule, na Grant alijua kifo hicho kilitokana na ndege yake.

Hata hivyo naomba tutenganishe mambo mawili. Kama kupiga miji kwa mabomu kulikuwa halali ni swali la kuwauliza waliotoa amri, na mimi nadhani baadhi ya amri zile haziwezi kutetewa. Kama mtu aliyesalimu amri anastahili kuishi ni swali lingine, na jibu lake halitegemei alichokuwa anakifanya saa moja kabla. Raia wa Rüsselsheim walikuwa na majonzi ya kweli, lakini wale Wamarekani wanane hawakuhusika na shambulio la usiku ule, kwani walikuwa wamekwisha kutekwa kabla yake.

Naendelea sasa na kambini.

Mateka karibu wote wa angani walipitia kwanza Dulag Luft, kituo cha mahojiano huko Oberursel karibu na Frankfurt. Kila mmoja aliwekwa katika chumba chake peke yake, bila kitabu, bila mtu wa kuzungumza naye, na mara nyingine kipasha joto kikawashwa mpaka chumba kikawa tanuri. Aliletewa fomu yenye nembo ya Msalaba Mwekundu, yenye maswali ya kawaida mwanzoni na ya kijeshi mwishoni, naye akaambiwa kwamba asipoijaza familia yake haitajua kama yu hai. Fomu ile ilikuwa ya uongo. Mateka alitakiwa kisheria kutaja jina, cheo na namba tu. Wahoji walikuwa hodari, wengi wanazungumza Kiingereza safi, na silaha yao kubwa ilikuwa kumwonyesha mateka kwamba wanajua tayari kila kitu kuhusu skwadroni yake, ili aone hakuna maana ya kunyamaza.

Grant alipata kitu cha ziada. Alitolewa nje ya chumba chake na kupigwa picha. Baadaye picha hiyo ilitokea katika Völkischer Beobachter, gazeti la chama cha Nazi, ikiwa na maelezo kwamba huyu ni askari wa Jeshi la Anga la Uingereza wa asili isiyoeleweka. Lengo lilikuwa kuwaonyesha Wajerumani kwamba Uingereza imeishiwa na watu mpaka inaokoteza. Mwaka 2006 Grant alichapisha kumbukumbu zake za vita na akayafanya maneno hayohayo kuwa jina la kitabu, jambo ambalo kwangu ni jibu zuri kuliko hotuba yoyote.

Kutoka Oberursel njia zao ziliachana. Grant alipelekwa Stalag Luft III, kambi ya Luftwaffe ya mateka wa angani, huko Sagan, yapata kilomita 160 kusini mashariki mwa Berlin. Smythe, baada ya kutibiwa majeraha, aliishia Stalag Luft I huko Barth, kwenye pwani ya Baltiki. Maofisa hawakulazimishwa kufanya kazi, hivyo adui yao mkubwa alikuwa muda wenyewe, pamoja na njaa. Mgao wa Kijerumani ulikuwa mkate mweusi, viazi na supu nyepesi, na bila vifurushi vya Msalaba Mwekundu vyenye maziwa ya unga, nyama ya kopo, chokoleti na sigara wengi wasingesimama. Asubuhi na jioni walipangwa uwanjani na kuhesabiwa, iwe theluji au jua. Baada ya hapo walikuwa na maktaba, masomo, michezo ya kuigiza, redio iliyofichwa kwa ajili ya habari za London, na mipango ya kutoroka.

Ndipo hapa rangi ya Smythe ilipokuwa kizuizi ambacho hakuna kamati ingeweza kukitatua. Alisaidia kazi za kamati ya kutoroka, lakini yeye mwenyewe hakujaribu, na alieleza kwa mzaha kwamba mtu mweusi mwenye urefu wa futi sita na inchi tano asingefika mbali katika jimbo la Pomerania. Kutoroka kulitegemea kupotea ndani ya umati: nguo za kibarua wa kigeni, karatasi za kughushi, tiketi ya treni. Mzungu wa Scotland angeweza kujifanya Mnorwe. Smythe asingeweza kujifanya mtu yeyote.

Na pengine hilo lilikuwa heri. Mnajua kilichotokea Sagan usiku wa tarehe 24 Machi 1944, Grant akiwa mmoja wa maelfu ya mateka wa kambi ile. Watu 76 walitoka kwa handaki lililochimbwa kwa miezi, kuta zake zimeshikwa na mbao za vitanda na hewa ikipitishwa kwa bomba la makopo ya maziwa. Watatu tu walifika salama, 73 walikamatwa tena, na kwa amri ya Hitler 50 kati yao walipigwa risasi na Gestapo. Angalieni nani aliyeua. Si Luftwaffe. Mara tu walipotiwa mikononi mwa polisi hao wa siri, mkataba ulikoma kuwalinda, wakiwa Wazungu na maofisa vilevile.

Mama Shamsa

Sasa naielewa hoja yako vizuri zaidi, na naongeza mfano unaoitia nguvu. Mwaka 1944 watu 168 wa angani wa nchi za Washirika, waliokuwa wamefichwa na wazalendo wa Ufaransa, walikamatwa na Gestapo wakiwa wamevaa nguo za kiraia, wakaitwa magaidi na kupelekwa Buchenwald. Hawakupelekwa kambi ya mateka, walipelekwa kambi ya mateso. Wawili walifia humo. Wengi wa waliobaki walitolewa Oktoba 1944 baada ya Luftwaffe kuingilia kati, wakahamishiwa hukohuko Sagan. Tofauti kati yao na Grant ilikuwa nguo walizokamatwa nazo na ofisi iliyofungua jalada lao.

Lakini naomba usiisafishe Luftwaffe kupita kiasi. Huko Barth alikokuwa Smythe, Januari 1945 maofisa Wayahudi wa Marekani walitengwa na wenzao na kuwekwa katika jengo lao peke yao. Hakuna anayetenga watu kwa dini na asili mwaka ule kwa nia njema.

Kitabu Wazi

Umesema kweli, dada, na siisafishi. Bahati ya Barth ni kwamba muda uliwaishia. Warusi walipokaribia, mkuu wa kambi alipokea amri ya kuwahamisha mateka, na mkubwa wao, Kanali Hubert Zemke wa Marekani, akakataa kuondoka. Walikuwa karibu 9,000. Usiku wa tarehe 30 Aprili 1945 walinzi wakaondoka wenyewe, na Warusi wakaingia siku chache zilizofuata. Smythe alisimulia kwamba ofisa wa Kirusi alimkumbatia na kumpa vodka, kisha akashuhudia jinsi Warusi walivyopora mji wa jirani, na mwanamke wa Kijerumani akilia kwa kunyang'anywa vitu vyake vyote. Alitaka kumsaidia, hawakumsikiliza.

Grant alipata mwisho mgumu zaidi. Mwishoni mwa Januari 1945 kambi ya Sagan ilihamishwa kwa miguu usiku, katika theluji, mateka zaidi ya 10,000 wakitembea kwa siku kadhaa na mizigo yao kwenye sleji walizoziunda kwa mbao za vitanda. Baadaye walipakiwa katika mabehewa ya mifugo. Yeye alifikishwa Luckenwalde, kusini mwa Berlin, na huko ndiko Warusi walikowakomboa.

Mkaazi wa Lindi

Wakubwa zangu, nimefuatilia kimya kimya. Hoja ya Kitabu Wazi kwamba karatasi na sare ndizo zilizoamua inanikumbusha mtu wetu, na nashangaa hajatajwa. Naomba nimlete.

Bayume Mohamed Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904, mtoto wa askari wa Kisudani wa jeshi la Wajerumani. Akiwa bado mtoto aliingia katika jeshi hilohilo wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, akajeruhiwa katika mapigano ya Mahiwa, hapa mkoani kwetu, Oktoba 1917, na akawa mateka wa Waingereza. Mwaka 1929 alikwenda Berlin kudai malipo yake na ya baba yake, hakulipwa, akabaki. Alifanya kazi ya uhudumu wa mgahawa, aliigiza katika filamu nyingi za Kijerumani, na alisaidia kufundisha Kiswahili chuoni. Aliomba nishani ya wapiganaji wa mstari wa mbele akanyimwa. Mwaka 1941 alikamatwa kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kizungu, akapelekwa kambi ya Sachsenhausen kaskazini mwa Berlin bila hukumu ya mahakama, na akafia humo tarehe 24 Novemba 1944.

Yaani wakati Smythe anahesabiwa asubuhi na jioni kule Barth na kupokea kifurushi chake cha Msalaba Mwekundu, mtu wa Dar es Salaam aliyewahi kumwagia damu bendera ya Ujerumani alikuwa anakufa pasipo mkataba wowote wa kumtetea, umbali wa saa chache kwa treni.

Kitabu Wazi

Mkuu, umeipeleka hoja pale ambapo mimi sikuifikisha. Husen akiwa mtoto wa miaka 13 alitekwa na adui akaishi, kwa sababu alikuwa mateka wa vita. Akiwa mtu mzima aliuawa na nchi aliyoipigania, kwa sababu machoni pa nchi hiyo alikuwa si mateka wala raia. Adui mwenye serikali nyuma yake alikuwa na thamani ya kubadilishana, na Husen hakuwa na serikali ya kuuliza habari zake. Ndiyo maana nasema mtu anayewatumia Smythe na Grant kuonyesha kwamba Wanazi hawakuwa wabaguzi kiasi hicho, na watu wa namna hiyo wapo, anakosea mno.

Mtunguaji

Nakubaliana na hilo. Je, baada ya vita walilipwa fadhila?

Kitabu Wazi

Kwa kiasi. Smythe alifanya kazi ya kuwahudumia wanajeshi wa makoloni waliokuwa wanarudishwa makwao, na mwaka 1948 alikuwa ofisa mwandamizi katika ile meli maarufu ya Empire Windrush, iliyowapeleka wahamiaji wa Karibi Uingereza. Kisha alisoma sheria, akarudi Freetown na kupanda hadi kuwa Mwanasheria Mkuu wa Sierra Leone. Alifariki mwaka 1996 nchini Uingereza.

Grant naye alikuwa ameamua kambini kwamba atasoma sheria ili aweze kupambana na ukoloni. Akahitimu uwakili London mwaka 1950, na hakuna chemba (ofisi ya mawakili) iliyompa kazi. Ofisa aliyehesabiwa kuwa Mwingereza kamili na Wajerumani, kiasi cha kulindwa na mkataba wa Uingereza, hakuonekana Mwingereza wa kutosha kusimama mahakamani London. Akageukia uigizaji na gitaa, na kuanzia mwaka 1957 akawa anaimba habari za siku kwa mtindo wa kalipso katika kipindi cha BBC, mtu mweusi wa kwanza kuonekana mara kwa mara katika televisheni ya Uingereza. Alifariki Februari 2010.

Na kwa wenzangu wa Dar es Salaam: mwongozanjia mwingine mweusi wa vita ile aliishi kwenu. Ulric Cross wa Trinidad, aliyefanya safari 80 kwa ndege za Mosquito bila kutekwa, alikuwa jaji wa Mahakama Kuu ya Tanzania mwishoni mwa miaka ya 1960. Wapo mawakili wazee waliosimama mbele yake, na kama yupo mtoto au mjukuu wao humu, tunaomba simulizi.

Mama Shamsa

Swali la mwisho kutoka kwangu. Mtu akitaka kusoma kumbukumbu hizi mwenyewe aanzie wapi?

Kitabu Wazi

Hifadhi ya Nyaraka za Taifa ya Uingereza iliyopo Kew, London. Vitabu vya kila siku vya skwadroni viko katika kundi la AIR 27, ambamo unaweza kutafuta skwadroni ya 103 kwa Juni 1943 na ya 623 kwa Novemba 1943, ukaona kila ndege iliondoka saa ngapi na ipi haikurudi. Kadi za Wajerumani za kuwasajili mateka ziko katika kundi la WO 416, nyingine zikiwa na picha na alama za vidole. Nyingi hupatikana kwa kuagiza nakala kupitia mtandao, na AIR 27 imekwisha kuwekwa katika mfumo wa kidijitali, kwa hiyo si lazima mtu apande ndege kwenda London.

Mkaazi wa Lindi

Na kwa Husen, wanaofika Berlin watakuta kibao kidogo cha shaba chenye jina lake kimewekwa mwaka 2007 katika njia ya waenda kwa miguu, mtaa wa Brunnenstraße namba 193, mbele ya nyumba aliyowahi kukaa.